Mashine Iliyopenda Machame

Nilifundisha fizikia miaka thelathini na mbili, na somo la joto nililifundisha vizuri kuliko yote. Kila mtu anasema hivyo, hata wale waliofeli. Nayataja haya mapema ili msomaji ajue anasimuliwa na mtaalamu.

Nilipostaafu na kutulia nyumbani kwangu Shirimatunda, huku tambarare, wenzangu walianza mambo ya wastaafu: huyu kuku wa mayai, yule nguruwe, mwingine kwaya. Mimi nikasema nitaunda kompyuta. Si kununua, jamani, kuunda. Tena si hizi za kisasa. Nilitaka ile ya enzi za ujana wangu, isiyoweza kubeba hata picha moja ya simu yako, inayoandika maneno meupe kwenye televisheni na kuishia hapo. Chuoni kwetu ilikuwepo moja. Ilifungiwa kwenye chumba chenye pazia, na sisi wanafunzi tuliruhusiwa kuitazama dirishani kwa zamu. Kuigusa, thubutu! Mkuu alisema tutaiharibu. Tulihitimu tukaiacha nzima kabisa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuiwasha. Kinyongo hicho nilikaa nacho karibu miaka arobaini.

Michoro ya mashine za namna hiyo ipo mtandaoni, bure, na watu duniani kote wanaziunda mezani kwao. Michoro naielewa. Tatizo mikono yangu ni ya chaki. Kulehemu, yaani kuyeyusha risasi ili mguu wa kifaa ushikane na bodi, sijawahi kujua, na nikijaribu naunguza kitambaa cha meza. Kwa hiyo nikapanda mlimani, Machame, kwa kaka yangu.

Kaka ananizidi miaka tisa. Alikuwa fundi redio tangu sijavunja ungo, na sidhani kama ukanda ule wote kuna nyumba ambayo redio yake hakuifungua. Ana stoo nyuma ya nyumba, kwenye kihamba alichoachiwa na baba, katikati ya migomba, ambapo zamani ilikaa kahawa. Humo ndani ni baridi hata saa sita mchana, na giza kidogo, na kunanuka magunia na risasi iliyochomwa. Nilipomwonyesha mchoro aliuangalia muda mrefu.

"Hii kitu itafanya nini ikishakamilika?"

"Itaandika jina lako kwenye TV."

"Hata kalamu inaandika."

"Kalamu hukuiunda wewe."

Akacheka, akavuta kigoda. Tangu siku hiyo kila Jumamosi nilikuwa napanda. Wifi yangu, mke wake, alikuwa akituletea mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye vikombe kwa sababu alisema tukipewa sahani tunasahau kula. Mimi nasoma mchoro kwa sauti ya darasani, mguu wa tano kwenda mguu wa kumi na moja, kaka analehemu. Alikuwa ananiita mwalimu, kwa kebehi tu. Nami kila akimaliza mguu mmoja nilikuwa nampa maksi. Mwezi mzima sikuwahi kumpa chini ya tisini, na kwa wanaonifahamu, hiyo si kawaida yangu.

Sasa, chipu. Ile kubwa, yenye miguu arobaini, ambayo ndiyo kichwa cha mashine, niliiagiza mwenyewe kwa simu kutoka nchi za mbali. Niliagiza mbili, moja ya akiba. Zilipofika nilipiga kelele hadi jirani akaja mlangoni. Zilikuwa zinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Maandishi meupe, yamenyooka, yanasema chipu ni ya kasi kubwa na imetengenezwa majuzi. Kwamba kiwanda kilianza kuzitengeneza nikiwa bado sijaolewa, na zinawezaje kuwa mpya hivyo, hilo halikunijia kichwani. Nimesimamia mitihani miaka yote hiyo. Nilikuwa namkamata mtoto anayepiga chabo kwa kuangalia shingo yake tu. Lakini hii ilikuwa imeandikwa! Mwalimu akiona kitu kimeandikwa vizuri, basi.

Kaka aliishika, akaigeuza, akaipitishia kidole gumba.

"Mbona ngozi yake ina vumbi vumbi?"

"Ni mpya, kaka. Hujazoea vitu vipya."

"Tuweke soketi kwanza, halafu chipu tuichomeke juu. Ikileta shida tunaichomoa."

"Soketi ya nini? Lehemu moja kwa moja. Hii ni orijino."

Akalehemu miguu yote arobaini. Ilimchukua asubuhi nzima, kimya, akisimama mara kwa mara kupumzika. Mimi nilikuwa namhimiza, maana nilishaahidi watu.

Nilikuwa nimeahidi ukoo mzima, kusema kweli. Mjukuu wangu wa kike alikuwa anapata kipaimara, na sherehe ilikuwa inafanyika kwangu. Mtu mwingine angetafuta keki yenye jina. Bibi yake huyu alitaka mashine ya kizamani iandike HONGERA MJUKUU kwenye televisheni kubwa mbele ya wageni. Mtoto mwenyewe aliniomba kwa adabu kama naweza kumpa simu badala yake.

Tulipoiwasha pale stoo iliandika. Loo! Nilimkumbatia kaka hadi miwani yake ikadondoka. Ikaandika nusu saa bila kuchoka, na wifi akaja kuona, akasema hongera, akarudi kwenye ng'ombe wake.

Nikaishusha Shirimatunda kwenye kikapu, nimeifunga kwa kanga mbili. Mchana nikaiwasha. Dakika tatu ikaandika vizuri, halafu ikaanza kutema herufi ambazo hata hazipo, halafu ikaganda. Nikaizima, nikaiwasha, ikaganda zaidi. Nikairudisha Machame. Kule ikafanya kazi vizuri kabisa. Nikaishusha tena. Ikafa. Nilikwenda na kurudi mara nne na kile kikapu. Kuna siku moja ya mwezi wa saba, asubuhi mapema, ilikubali kwangu, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Kufika saa tano jua likiwa limechomoza sawasawa, ikakataa, nikadhani nimekosea sala.

Mtaalamu nikakaa nikafikiri. Juu inafanya kazi, chini haifanyi. Kati ya juu na chini kuna nini? Kuna barabara. Barabara ina mashimo. Mashimo yanatikisa kikapu. Kikapu kikitikisika, lehemu mbovu inaachia. Na ikirudi juu? Ikirudi juu inajishika tena, nadhani, kwa furaha ya kurudi nyumbani. Hapo mantiki yangu ilikuwa na kilema kidogo lakini sikukijali. Nilimpigia kaka nikamwambia kuna miguu imelegea. Akasema ataipitia yote upya, na akaipitia, mmoja mmoja.

Siku ya kipaimara ikafika. Turubai, ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, mezani, jua la saa saba limesimama juu yetu, na mshereheshaji ana maneno mengi kuliko mahubiri ya asubuhi. Kaka na wifi walikuwa wamekaa mbele kabisa. Mshereheshaji akanipa kipaza sauti, nikaieleza mashine, nikaiwasha. HONGERA MJU. Ikafikia hapo. Halafu skrini ikajaa takataka, alama za kuuliza na nyota na vijiti, ikaganda. Watu wakapiga makofi kwa huruma, jambo ambalo ni baya kuliko kuzomewa.

Na mimi kipaza sauti nilikuwa nacho bado mkononi.

"Msinilaumu mimi," nikasema. "Mlaumuni kaka yangu pale. Risasi anaikoroga kama mtori. Mikono imeshazeeka, fundi amebaki jina tu!"

Watu walicheka sana. Mimi huwa nachekesha, ni kipaji. Kaka naye alicheka, akainua mkono kuwasalimia, kisha akauteremsha haraka akauweka chini ya meza. Niliuona ule mkono ukiteremka. Niliuona, na nikaendelea kusema mengine.

Wiki mbili simu yake haikupokelewa. Ya wifi ilipokelewa na ng'ombe, nadhani, maana nilisikia mlio tu na ikakatwa. Jumamosi ya tatu nikapanda. Nikaingia stoo moja kwa moja, na juu ya meza ya kaka, mahali pa chuma cha kulehemu, nikakuta trei za mayai na maharage yameanikwa kwenye ungo. Vyombo vyote vilikuwa vimefungwa kwenye gunia, na gunia limetundikwa kwenye boriti.

"Amesema amestaafu," wifi akaniambia. "Watu wanaleta redio, anawaambia waende mjini."

"Anasusa tu. Mwache, akichoka atashuka."

"Wifi." Aliniangalia vile wanawake wa huku wanavyoangalia mtu wasiyetaka kumtukana. "Mtu anayesusa hunung'unika. Huyu hasemi kitu. Anakaa barazani, mikono ameificha kwapani, hadi jioni."

Nilimkuta hivyo hivyo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza habari za mjukuu. Nikamwuliza lini tutaendelea. Akasema mambo hayo waachiwe vijana. Alisema kwa upole kabisa, na upole ule ulinikera. Nikaondoka nimenuna, mimi niliyemtukana.

Nyumbani nikatoa bodi na kioo cha kukuzia ili nitafute ushahidi. Nia yangu ilikuwa kupata mguu mmoja tu, mmoja, uliolehemiwa vibaya, nimpelekee kama karatasi ya mtihani iliyosahihishwa. Nikaanza wa kwanza, nikamaliza wa arobaini. Yote ilikuwa inang'aa, imekaa sawa, hakuna hata mmoja niliokuwa na haki ya kuunyima mia. Mwenye akili angesimama hapo akajiuliza swali. Mimi nilirudia kuhesabu nikidhani nimeruka mmoja.

Kilichonifungua macho ni kucha. Kulikuwa na harusi kanisani, na kucha zangu zilikuwa bado na rangi nyekundu ya kipaimara, imebanduka banduka kama ukuta wa ofisi ya kata. Nikakaa mezani na pamba na chupa ya asetoni. Ile chipu ya akiba ilikuwa hapo hapo, kwenye kopo la sindano na vifungo. Nikapiga chupa kiwiko, ikamwagikia kopo zima. Nikashika ile chipu haraka niifute, maana ilikuwa orijino yangu, nisiiharibu.

Pamba ikatoka nyeusi.

Nikafuta tena. Nyeusi tena, kama nafuta sufuria ya kuni. Yale maandishi meupe niliyoyapenda yakatoka yote pamoja na ngozi yake, na chini yake nikaona mikwaruzo ya msasa, mistari mistari, na katikati ya mikwaruzo namba ya zamani, imefifia lakini inasomeka. Nikaitafuta kwenye simu. Ilikuwa chipu kuukuu, halali kabisa, ya kasi ndogo, wala haifiki nusu ya ile iliyoandikwa juu. Mtu mahali fulani alikuwa ameing'oa kwenye mashine mbovu, akaipiga msasa, akaipaka rangi, akaiandika upya, akaniuzia mimi. Nikaifuta na ile iliyo kwenye bodi. Ni dada yake.

Nikakaa pale na vidole vinanuka asetoni, na hapo ndipo somo la joto liliponirudia, taratibu, kama mwanafunzi aliyechelewa kuingia. Chipu ya mwendo mdogo ukiilazimisha kukimbia, kwenye baridi inaweza kujikongoja ikafika. Ikipata joto inachanganyikiwa. Stoo ya Machame ni baridi. Shirimatunda mchana ni tanuri. Chini ya turubai, saa saba, karibu na spika za mshereheshaji, ilikuwa jehanamu. Mashimo hayakuhusika. Lehemu haikuhusika. Ningempa swali hili mtoto wa kidato cha pili ningemchapa kwa kuchelewa kulijibu. Nilijisikia mjinga, halafu nikajisikia vibaya kuliko mjinga, nikalia pale mezani na kucha zangu, mkono mmoja nyekundu, mmoja nyeupe.

Kwetu mtu aliyemkosea mwenzake anakwenda na isale. Ni jani tu, refu, la ule mmea tunaoupanda mipakani mwa vihamba. Ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe, hata kama aliyekosa ni mjinga kiasi gani. Ningeweza kutuma ujumbe wa simu wenye ua na mikono miwili imeunganishwa, kama wanavyofanya siku hizi. Lakini nilimtukana mbele ya ukoo, kwa kipaza sauti. Nikapanda Machame, bodi ikiwa kikapuni. Shirimatunda kwangu nimepanda majani ya ng'ombe tu, kwa hiyo nilipofika nililichuma isale kwenye mpaka wa kaka mwenyewe. Mtu anakwenda kuomba radhi kwa jani aliloiba kwa anayemwomba. Wifi alinikuta pale uani nikiwa na jani mkononi. Akaenda stoo kuondoa mayai mezani.

Kaka alikuwa barazani, mikono kwapani.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Mwalimu, umekuja kusahihisha?"

Nikapiga magoti, magoti yakalia kwa uzee, nikamnyooshea isale kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu nyumbani. Nilichosema ni hiki: "Nilikosea. Nilisema uongo mbele za watu, ukachekwa kwa sababu yangu. Nisamehe, kaka."

Aliliangalia lile jani. Halafu akatoa mkono mmoja kwapani, akalipokea, akaliweka mapajani. Nikamtolea pamba nyeusi na ile chipu iliyochunwa ngozi, nikamweleza yote, msasa, rangi, joto. Aliinusa ile pamba.

"Kwa hiyo ilikuwa feki."

"Feki."

"Miguu yangu haina kosa."

"Haina. Nimeikagua yote. Mia kwa mia."

Nilidhani sasa atacheka, tutainuka, gunia litashushwa, tutaendelea tulipoishia. Badala yake akatoa na mkono wa pili, akainyoosha yote miwili mbele yangu, viganja chini. Ilikuwa inatetemeka. Si kidogo. Lile jani mapajani lilikuwa linachezacheza.

"Chipu yako ni feki, mwalimu," akasema. "Hii ndiyo orijino."

Ilianza mwaka jana, akaniambia. Kila mguu wa ile chipu alikuwa anausubiri. Anashika chuma kwa mikono miwili, anabana pumzi, anangoja mtetemeko upungue, analehemu, anapumzika, anahamia mwingine. Ndiyo maana ilichukua asubuhi nzima. Kwa redio za watu alikuwa anafanya hivyo hivyo, mlango umefungwa. Alikuwa hajamwambia mtu yeyote, hata wifi. Na pale kwenye turubai alipoinua mkono akauona unavyocheza mbele ya watu, na mimi nasema nilichosema, alijua kwamba nimejua.

"Sikujua, kaka. Nilikuwa natania."

"Najua sasa. Siku ile nilidhani umeona, ukaamua kuwaambia."

Isale inasamehe maneno, lakini mikono iko pale pale. Nililia tena, akaniambia niache, nitawatisha kuku.

Baadaye akainuka, akaenda stoo, nikamfuata. Akashusha gunia mwenyewe. Akaiweka ile chipu kuukuu chini ya tochi akaisoma namba yake kwa muda mrefu.

"Hii haina ubovu," akasema. "Imevalishwa nguo isiyo yake, basi. Tukiipunguzia mwendo itafanya kazi popote, hata huko kwenu motoni."

Ndani ya mashine kuna kikopo kidogo cha bati chenye miguu miwili, ndicho kinachoipigia mwendo. Kaka alikuwa nacho kingine cha mwendo wa polepole, kwenye kopo la maziwa lililojaa vifaa vya redio za marehemu. Akakitafuta, akakipata, akakiweka mezani mbele yangu, akang'oa kile cha kwanza kwenye bodi. Kisha akanipa chuma cha kulehemu, mpini ukinielekea.

"Miguu miwili tu. Lehemu wewe. Mimi nitashika tochi."

"Kaka, mimi nitaharibu."

"Si ulisema mlichungulia dirishani miaka yote kwa sababu mkuu alisema mtaharibu? Haya, shika."

Nikashika. Mwanga wa tochi ulikuwa unakwenda kushoto na kulia juu ya bodi, unapita kwenye mguu, unauacha, unarudi. Sikumwambia atulize. Nikangoja mwanga upite, nikagusa kidogo, nikainua, nikangoja upite tena. Risasi ikayeyuka ikaenda isikotakiwa, ikakaa bonge.

Kaka akainama, miwani puani, akaikagua kazi yangu kama mkaguzi wa wilaya.

"Mwalimu," akasema, "huu ni mtori. Rudia."

Nikarudia, na tochi ikanisubiri.